Askari wa kifaru: mlinzi au mnyonya damu?

Ndege mdogo anayeng'ang'ania migongo ya nyati na vifaru, Waswahili tulimwita askari wa kifaru. Shuleni tukafundishwa kwamba huo ni ujirani mwema: yeye hupata kupe, mnyama hupata usafi. Hesabu hiyo ni nyepesi mno.

Mwaka 2000 mtafiti Paul Weeks alichapisha matokeo ya jaribio lake kwa maksai wa Zimbabwe. Kundi moja aliliacha lidonolewe, jingine akalikinga na ndege hao kwa wiki kadhaa. Waliokingwa hawakuzidi kupe kwa kiasi cha maana. Tofauti ilikuwa kwenye vidonda: kwa waliodonolewa vilichelewa kufunga, kwa sababu ndege alibandua kigaga akanywa damu. Nta ya masikio nayo alikula. Hata kupe anaowapenda zaidi ni majike waliokwisha shiba damu, yaani hasara imeshatokea. Kama kupe alibeba ugonjwa wa ndigana, ameshaiacha mwilini mwa ng'ombe.

Basi ni kupe mwenye mabawa? Sikubali haraka hivyo. Kupe jike akiliwa kabla hajadondoka, maelfu ya mayai yake hayafiki kwenye majani. Faida hiyo huonekana msimu mwingine, si ndani ya wiki chache. Tena mwaka 2011 watafiti waliolinganisha wanyama wengi wa porini walikuta ndege hawa huwafuata wenye kupe wengi, si wenye ngozi nyembamba. Anayetaka damu tu angetafuta ngozi laini.

Kwangu mimi jibu liko kwa mwenyeji kuliko kwa ndege. Ng'ombe anayeogeshwa kwenye josho hana kupe wa kutolewa. Amebaki na vidonda tu, na hapo ndege ni kimelea. Tembo, yeye, kwa kawaida hamvumilii kabisa.

Kifaru mweusi ana vidonda ubavuni ambavyo ndege huyu huvichokonoa, na bado hamfukuzi. Kwa nini? Katika hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi, Afrika Kusini, watafiti Roan Plotz na Wayne Linklater walipima jinsi vifaru wanavyomgundua mtu anayewanyemelea, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Wasio na ndege walimgundua kwa asilimia 23 tu ya majaribio, akiwa wastani wa mita 27. Wenye ndege walimgundua kila mara, kwenye mita 61 hivi. Mbele ya jangili, mshahara wa matone ya damu si ghali.

Kifaru haoni mbali, hutegemea pua. Ndege wakipiga mlio wa hatari, vifaru wale waligeuka kutazama upande upepo unakoelekea, yaani upande ambao adui angeweza kuja bila harufu yake kuwafikia.