Rejeta ya Mama Mkwe

Mtu akikwambia Kenya ni nchi ya joto, muulize kama amewahi kuoga Nairobi saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba. Mimi naoga. Yaani, nasema naoga. Nalowesha kichwa kidogo ushahidi upatikane, namwaga maji mengine sakafuni yapige kelele, natoka nikitetemeka kama mtu aliyefanya kazi.

Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Ukifika mwezi wa saba jua hujificha nyuma ya mawingu siku tatu, siku nne, na usiku nyuzi zinashuka hadi kumi, kumi na moja. Najua kuna nchi ambako nyuzi kumi ni siku ya kuvaa kaptula na kulamba aiskrimu. Sawa. Lakini wale wakimaliza aiskrimu wanarudi ndani ya nyumba. Sisi tunarudi ndani ya nini? Ukuta wa mawe, sakafu ya vigae, dirisha la kioo kimoja chembamba, na juu ya dirisha kuna matundu ya hewa yasiyofungika. Aliyejenga aliyaacha makusudi. Mimi nalipa kodi kila tarehe tano, baridi inaingia bure.

Miaka yote nilivumilia kama Mnairobi yeyote: sweta mbili, soksi, kisha unajiambia ni miezi miwili tu itapita. Baridi hii ningeendelea kuikana mpaka leo kama mama mkwe hangekuja kutoka Malindi.

Alishuka kwenye basi amevaa dera na kandambili. Mkononi kikapu cha maembe ya kukausha na nazi sita. Upepo wa Nairobi ulimpiga mara moja tu, akasimama pale stendi, akanitazama kana kwamba ni mimi niliyeufungulia.

"Baba," akaniambia, "mwanangu mimi umemuweka huku miaka minane?"

Usiku wa kwanza alilala na mablanketi matatu na koti langu la harusi. Usiku wa pili akaomba jiko la makaa liingizwe chumbani. Hapo nilikataa, na mimi kumkatalia mama mkwe ni jambo zito, hata sauti ilinitoka nyembamba. Makaa yakiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anajilalia akidhani anaota moto, haamki tena. Kila msimu wa baridi tunasikia watu waliolala na jiko ndani. Sikutaka mzaha na hilo.

Nikamletea ile heta yetu ya waya mwekundu. Ile unaijua: ukikaa mbele yake magoti yanaiva na mgongo uko Limuru, kule juu kwenye baridi zaidi. Mama akaivumilia saa moja, akageuka kuchoma mgongo, akageuka tena. Mke wangu alipita sebuleni akamkuta mamake anazunguka mbele ya heta kama kuku wa dukani. Hakunisemesha. Alinitazama tu. Asubuhi nikashika njia ya Luthuli Avenue, barabara ya maduka ya vifaa vya stima.

Kule nilikuta heta ya namna nyingine: rejeta. Wauzaji wana jina lao refu, lakini ukiiona ni rejeta ya gari iliyokataa kazi na kuhamia mjini. Imesimama kwa magurudumu manne, ina mbavu za chuma zimepangwa, ndani imejazwa mafuta. Kuna za mbavu saba, tisa, kumi na moja, kumi na tatu. Nikauliza ipi nzuri. Kijana wa duka akanipima kwa macho kuanzia viatu, akaona viatu havitaki kumi na tatu, akaniambia lakini za kumi na tatu ndizo zinaenda sana.

"Na stima je?" nikauliza.

"Bosi, hii ni ya oili. Haili stima. Stima inaianzisha tu, halafu oili inaendelea na kazi."

Nikamwamini. Mimi mtu mzima, mwenye watoto wawili na kitambulisho. Nilikuwa nimesikia neno mafuta, akili ikaniambia hii ni kama stovu, mafuta yanaungua pole pole huko ndani, tutakuwa tunaongeza lita moja kila mwaka. Akaanzia elfu kumi na mbili. Tulibishana mpaka elfu tisa mia tano kwa ile ya mbavu kumi na moja, nikaondoka na ushindi wangu.

Ushindi una uzito. Chuma pamoja na mafuta ni zaidi ya kilo kumi, na boksi halina mahali pa kushika. Matatu ya kwanza ilinikataa. Ya pili makanga alikubali nikilipia viti viwili. Boksi lilikuwa limeraruka pembeni, mbavu zikawa nje.

"Mzee, hiyo rejeta ni ya gari gani?"

"Ni ya nyumba."

"Kwani nyumba yako imechemsha?"

Matatu nzima ikacheka kutoka mjini hadi kwetu Donholm. Mwanamke mmoja alishuka njiani bado anafuta machozi. Mimi nilikumbatia rejeta yangu, nikatazama dirishani.

Nyumbani ikawa kazi nyingine. Ili kufunga magurudumu lazima uipindue kichwa chini, na ukishaisimamisha uiache itulie kwanza mafuta yashuke mahali pake kabla ya kuiwasha. Jirani yangu Baba Kevo, ambaye ni makanika, alisikia kuna rejeta imeingia ploti, akaja na wazimu wake wa kazi. Aliizunguka mara mbili. Akapiga magoti.

"Kifuniko kiko wapi?"

"Cha nini?"

"Cha kuongeza oili. Na inabadilishwa baada ya kilomita ngapi?"

Tulitafuta kifuniko, watu wazima wawili na tochi ya simu. Hakuna. Ikabidi aitwe yule fundi wa stima wa ghorofa ya tatu, na huyo ndiye aliyenivunja moyo. Mafuta yale, akasema, hayaungui, hayapungui, hayabadilishwi. Yamefungiwa humo maisha yake yote. Kazi yake ni kupokea joto kutoka kwa waya ulio chini, kulizungusha kwenye mbavu, na kulitunza. Ndiyo maana ukiizima haipoi papo hapo kama ile ya waya mwekundu. Lakini kinachopasha mafuta ni stima. Stima tupu.

"Imeandikwa wati elfu mbili," akanisomea kibandiko. "Ikiwaka saa nzima bila kukata ni uniti mbili. Ingekuwa ya feni ya wati elfu mbili, ni uniti mbili vilevile. Joto la stima halina njia ya mkato."

"Sasa faida ya oili ni nini?"

"Haina kelele, haikaushi macho kama ile ya kupuliza, na haina waya mwekundu wa kumchoma mtoto. Lakini msiiguse, chuma chenyewe kinaunguza."

Nikapiga hesabu. Tokeni za shilingi 500 zilinipa uniti kumi na saba na kitu. Kumi na saba gawa kwa mbili. Muda wa saa nane na nusu. Yaani mama mkwe anaweza kuota shilingi mia tano kati ya isha na alfajiri, na bado hajapashiwa maji ya kutawadha.

Fundi akauliza chumba chetu kina ukubwa gani. Nikamwambia futi kumi kwa kumi na mbili. Akasema hizo ni kama mita za mraba kumi na moja, na mafundi hukisia wati mia moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo ndogo ya wati elfu moja na mia tano ingetosha na kubaki. Nikamuuliza mbona hakunipeleka dukani. Akasema hakuambiwa. Kweli, hakuambiwa.

Tukaiwasha. Dakika kumi, kimya. Dakika kumi na tano chuma kikaanza kulia tiki, tiki, kinavyotanuka. Halafu ikatoka harufu ya rangi na vumbi vikiungua, maana ndiyo mara ya kwanza. Mama alikuwa tayari mlangoni na kikapu chake na nazi mbili zilizobaki. "Nyumba yaungua, nyie mwacheka!" Tukamrudisha taratibu. Baada ya nusu saa akaweka mkono mbele ya zile mbavu, akauondoa, akaurudisha. Akavuta kiti. Akavua koti langu la harusi.

Tangu siku ile kile kiti hakijahama.

Harufu ya pili haikuwa ya rangi. Soketi iko nyuma ya kabati, kwa hiyo mimi kwa akili zangu nilitumia ekstensheni, ile nyembamba nyeupe, nikachomeka rejeta, televisheni na chaja mbili. Wati elfu mbili kwenye stima yetu ya volti 240 ni zaidi ya ampea nane, na waya ule ulizaliwa kuchaji simu. Siku ya tatu plagi ilikuwa imelainika kama chapati. Fundi akaja, hakusema neno, akahamisha kabati. Rejeta inachomekwa ukutani moja kwa moja, peke yake. Kabati sasa liko katikati ya sebule, na wageni huingia kwa ubavu.

Halafu matundu. Fundi aliniambia wazi kwamba ninapasha joto Donholm yote. Basi nikapanda kiti na magazeti ya zamani, nikayaziba mengi yake, chini ya mlango nikaviringisha blanketi kuukuu. Kwa vile rejeta haichomi kitu haitoi ile sumu ya makaa, kwa hiyo kuziba kidogo kunawezekana. Ungekuwa na jiko ndani, hilo tundu usiliguse kabisa. Tofauti ikaonekana usiku uleule: ikawa inafika joto lake na kujizima yenyewe. Inafanya tak. Ukisikia tak ujue mita imepumzika. Chumba kikipoa, tak nyingine, mita inaanza kukimbia.

Hiyo tak imenimaliza. Nalala nimefumbua masikio. Tak, natabasamu. Tak, nakunja uso. Mke wangu anasema nazungumza usingizini, nasema, "Zima, zima."

Kinachoamua tak ni kile kirungu cha kuzungusha, kina namba moja hadi sita. Namba mbili inatosha binadamu. Tatu ukiwa na mafua. Sita ni ya kukaanga. Na hapa ndipo niliposhindwa na desturi. Rejeta kwa haki ilipaswa kulala chumbani kwa mama, mlango umefungwa, ndivyo inavyofanya kazi vizuri. Lakini ikiwa chumbani kwa mama, mimi nitafikiaje kirungu? Mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe hata nyumba ikiwaka. Kwa hiyo nikatoa hoja, kwa sauti ya upole, kwamba tuiweke kwenye ukumbi kati ya vyumba viwili, milango ikae wazi kidogo, ili joto ligawanyike sawasawa kwa familia nzima. Mama alinibariki. Alisema mkwe wake ana moyo wa kugawa.

Usiku naizungusha mbili. Asubuhi naikuta sita. Nikamshuku mke wangu, akaapa. Nikawashuku watoto, lakini hao wana kesi yao: walikutwa wametandika sweta za shule juu ya mbavu zikauke, na kuifunika ile kitu ni hatari, joto likikosa pa kutokea nguo zinaweza kushika moto. Niliwafokea. Ingawa nguo kukauka mwezi wa saba ni muujiza, na sasa zinaanikwa kwenye kiti, hatua mbili mbele ya rejeta, kando ya mama.

Juzi mita ilianza kulia tii tii saa nne usiku. Nilinunua tokeni za shilingi mia mbili, za kuvukia tu, nikaapa usiku huo sitalala mpaka nimjue. Saa tisa hivi nikasikia tak. Nikatoka pekupeku, vigae vikinikata nyayo kama visu, bila kuwasha taa. Nikapapasa ukuta mpaka nikafika kwenye joto. Nikachuchumaa. Nikanyosha mkono kwenye kirungu, mkono ukagusa mkono.

Taa ya simu ikawaka usoni mwangu. Mama, kajifunga leso mbili, kachuchumaa upande wa pili.

Tukatazamana juu ya mbavu kumi na moja.

"Hata wewe, baba?" akanong'ona, sauti imejaa huruma. "Hata wewe imekuamsha baridi?"

Nilitazama kirungu. Kilikuwa nne, kinaelekea tano.

"Eeh, mama," nikasema.

"Ndo mana," akasema, akakizungusha hadi mwisho. "Kila usiku kuna mtoto airudisha chini. Mimi naamka kuipandisha, nakuonea imani, wewe ndo watoka mapema."