Kichekesho Kinapoachwa na Mwanzilishi Wake

Kipindi cha vichekesho cha televisheni kinapompoteza mtu aliyekianzisha, mashabiki wengi hukizika kabla msimu mpya haujaanza. Sikubaliani nao. Ninavyoona mimi, kinachokiua kipindi ni woga wa warithi, ambao hujitahidi kuandika kana kwamba mwanzilishi mwenyewe bado yupo katika chumba cha waandishi.

Mfano unaoniuma zaidi ni Community, kipindi cha Marekani kinachohusu kikundi cha wanafunzi wa chuo duni kiitwacho Greendale. Dan Harmon, aliyekianzisha mwaka 2009, aliondolewa Mei 2012 msimu wa tatu ulipomalizika, na kazi wakakabidhiwa David Guarascio na Moses Port. Msimu wao, wenye sehemu 13, ulianza Februari 2013. Katika sehemu ya kwanza, Abed, kijana anayeutazama ulimwengu wote kama televisheni, anaingiwa na hofu ya kumaliza chuo, akajificha akilini mwake katika Greendale ya kubuni ambamo kila neno hufuatwa na vicheko vya hadhira. Harmon angeweza kulibuni wazo hilo, na hapo ndipo penye kasoro, kwa sababu linaelekea kuchaguliwa kwa vile lilifanana naye. Yeye alizoea kuipanga hadithi katika duara la hatua nane: mhusika hutoka mahali alipopazoea, hukipata anachokitaka, hukilipia, kisha hurudi akiwa mtu mwingine. Mzaha wa kuiga filamu na vipindi vingine ulikuwa vazi tu la safari hiyo, lakini warithi walilichukua vazi, na mara nyingi aliyelivaa alirudi vilevile alivyoondoka.

Hata hivyo, walistahili heshima zaidi. Harmon aliporejea kwa msimu wa tano mwaka 2014, wahusika waliutaja mwaka uliotangulia kuwa ule ambao gesi ilivuja chuoni, kana kwamba akili za wote zilikuwa zimevurugika, na mashabiki wakacheka sana. Mzaha huo ulinihuzunisha, kwa kuwa ulifanya kazi ya watu walioajiriwa katika mazingira magumu ionekane kama ugonjwa uliopita.

Linganisha na M*A*S*H, kichekesho kilichohusu madaktari wa jeshi la Marekani katika Vita vya Korea. Larry Gelbart, aliyekiunda kwa ajili ya televisheni, aliondoka mwaka 1976 baada ya misimu minne, na kipindi kikaendelea hadi Februari 1983. Mwaka mmoja baada ya Gelbart, aliondoka pia Larry Linville, mwigizaji wa Frank Burns, daktari mjinga na mwoga aliyekuwa shabaha ya kila dhihaka. Njia rahisi ilikuwa kumtafuta mjinga mwingine. Waandishi walimleta Charles Winchester, mpasuaji hodari, mwenye majivuno na mpenzi wa muziki, ambaye wenzake hawakuweza kumshinda kwa matusi mepesi, na kwa hiyo mizaha yenyewe ililazimika kukua. Katika sehemu ya mwisho, Winchester anawafundisha wafungwa wa Kichina kupiga muziki wa Mozart, kisha analetewa habari kwamba wameuawa. Wapo wanaolalamika kwamba miaka hiyo ya baadaye ilikuwa mizito mno, na wana hoja. Lakini uzito huo ulikuwa wa waandishi wenyewe, haukuazimwa kwa Gelbart.

Seinfeld, kichekesho cha Marekani kilichohusu marafiki wanne wa New York, nacho kilithubutu. Larry David, mwanzilishi mwenza, alipoondoka mwaka 1996 baada ya msimu wa saba, Jerry Seinfeld, mchekeshaji aliyekianzisha pamoja naye na aliyebaki, aliziacha zile hotuba za kuchekesha za jukwaani zilizokuwa zikifungua kipindi, akaongeza kasi, na mwaka 1997 akaruhusu hadithi ya harusi nchini India isimuliwe kinyumenyume, kutoka mwisho hadi mwanzo. David alirudi kuandika sehemu ya mwisho ya Mei 1998, ambamo marafiki wanne wanashtakiwa na kufungwa kwa kutomsaidia mtu aliyekuwa akiporwa. Wengi hawakuipenda. Mimi naiheshimu kwa ujasiri wake, ila naona aliwahukumu watu aliowaacha miaka miwili nyuma, ilhali wale waliosimama kizimbani walikuwa wamekwisha kugeuka viumbe wepesi zaidi, mikononi mwa waandishi wengine.