Nilivyofiwa kwenye daladala la Gongo la Mboto

Jamani kabla hamjamwamini yule msela aliyenirusha stetasi jana, eti nimelia na kugaragara kwenye daladala kisa gemu, sikugaragara. Narudia, SIKUGARAGARA chini ya siti. Hayo mengine yote ni kweli.

Kwa msiolijua, Final Fantasy VII ni gemu la Wajapani la 1997, enzi za PlayStation lilikuja na sidii tatu, siku hizi unalicheza hata kwenye simu. Dunia nzima inajua Aeris, binti wa kwenye timu yako, anakufa mwisho wa sidii ya kwanza, kasoro mimi, na nyie mlionisoma humu muda wote navyojisifu namlea yule binti mkakaa kimya, Mungu anawaona. Nimekesha kumtafutia Great Gospel mie, lile pigo lake la mwisho! Kuna jamaa humo kwenye gemu analala pangoni karibu na mji wa Junon, hakupi mithril yake, madini ya kulipatia hilo pigo, mpaka tarakimu mbili za mwisho za idadi ya mapambano yako zifanane, nikawa natafuta ugomvi porini kama chizi.

Sasa niko dirishani, foleni ya Buguruni haisogei, hedifoni masikioni. Aeris kapiga magoti anasali. Cloud, shujaa ninayemchezesha, anamsogelea, anainua lipanga lake juu ya kichwa cha binti wa watu, nikasema kimoyomoyo we kaka usilete ujinga, akajizuia. Aeris akainua uso, akafumbua macho. Nikashusha pumzi. Hapohapo juu akatokea Sephiroth, yule adui mkuu, anashuka taratiiibu, upanga mreeefu, mgongoni puu, ukatokea mbele. Lile jiwe lake la kwenye nywele likadondoka, likadunda ngazi hadi ngazi, tii, tii, tii, likazama majini. Na muziki wa Aeris hawakuuzima hata pambano na zimwi Jenova lilipoanza, wale watu hawana utu kabisa.

Nikatoa kilio. Siyo machozi, KILIO, na ukiwa na hedifoni huwezi kujua sauti yako imefika wapi.

Mama wa pembeni mwenye ndoo ya samaki wa Feri akanishika bega. "Baba, kulikoni?"

"Amekufa, mama."

"Maskini! Nani?"

"Aeris."

"Alisi! Kafa na nini tena?"

"Kachomwa upanga."

Yule mama akageukia gari zima: "Jamani, kijana kafiwa na Alisi wake, wamemchoma huko Upanga!"

Mzee wa siti ya mbele akaanza kulalamika Upanga ile yenye walinzi kila geti mambo hayo yanatokea vipi, konda akatangaza nauli yangu isidaiwe na mtu, akavua kofia ikaanza kuzunguka. Nataka kusema ni gemu, kwikwi imenikaba. Noti zinadondoka kofiani. Dada mmoja aliyesimama naye kaanza kulia.

Mama akaniambia, "Hebu tumwone marehemu," akachukua simu mkononi mwangu. Jamani. Kwenye kioo kuna Jenova, dude lenye mikiamikia, halina miguu. Akalitazama. Akaisogeza simu mbali kidogo, akalitazama tena. Akanitazama mimi.

"Ndo Alisi huyu?"

Simu ikapita siti hadi siti kama picha ya ukumbi wa harusi. Nyuma kabisa kuna mtu akapiga kelele, "Aaah, hilo si gemu!" na sauti naijua, ni huyohuyo msela, yaani alikuwepo muda wote na hakunitetea.

Pesa za watu zikarudi, nauli nikalipa, nikashushwa hata kituo hakijafika, nikatembea. Mtaani sasa naitwa Mfiwa.

Ila kinachoniuma, wakati simu inazungushwa Jenova hakusubiri mtu, aliwapiga Cloud na wenzake wote, mpaka inanifikia imeshaandika GAME OVER. Na mara ya mwisho kusevu ni kabla ya zile ngazi. Kwa hiyo usiku huu inabidi nimwangalie tena anavyouawa. Nimeshafunga mlango na kuongeza sauti ya redio, mama mwenye nyumba asije akaleta rambirambi.