Mshauri Wako Aliupataje Uwakili?

Mpwa wangu anasoma sheria, yuko mwaka wa tatu. Juzi kanitumia sauti ya WhatsApp, furaha tele: mshauri wao wa masomo chuoni kawaambia wasitishwe na maneno ya mtaani, Law School, ile shule ya mafunzo ya vitendo anayopitia mwenye digrii ya sheria ili awe wakili, ni marudio tu ya waliyosoma chuoni, mwenye GPA nzuri anapita.

Marudio! Matokeo ya 2022 tunayakumbuka wote: watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Wengine sapu, yaani warudie mitihani, wengine wakadisko, masomo yakaishia hapo, mpaka Ndumbaro, Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, akaunda kamati ya kuchunguza chini ya Dk. Mwakyembe. Wote wale walikuwa na digrii zao mkononi. Nadhani na washauri walikuwa nao.

Simwiti mtu mwongo. Nauliza tu, huyo mshauri mwenyewe aliupataje uwakili? Law School imeanza kupokea wanafunzi 2008. Wahadhiri wengi wakubwa walipita njia ya zamani, mafunzo kazini kisha usaili wa Baraza la Elimu ya Sheria. Wengine hawakuwahi kuwa mawakili, ni wanazuoni, na hilo si kosa. Lakini mtu hajawahi kukanyaga pale hata siku moja, anapata wapi ujasiri wa kuwaambia watoto wa watu kwamba ni mteremko?

Kuna kijana alikuja field ofisini kwetu, ana GPA ya kutambia ukweni. Nikampa kazi ndogo: hati ya kiapo ya kuunga mkono maombi ya kuongezewa muda wa kukata rufaa. Hati ya kiapo ni ya kueleza yaliyotokea, yeye kaniletea kurasa na kurasa za hoja za kisheria, kesi kazinukuu, anajibu hata ambayo upande wa pili haujasema. Mteja alipata lini nakala ya hukumu? Hamna. Nini kilimchelewesha? Hamna. Na chini kabisa, anaposaini kamishna wa viapo, hakuweka mahali wala tarehe. Kwa hati kama ile maombi yanaweza kutupwa hujamaliza hata kujitambulisha. Nikamuuliza, chuoni hamkufundishwa hati ya kiapo? Akasema walifundishwa maana yake. Kuiandika, bado.

Nikamwonea huruma, maana yule kijana si mjinga hata kidogo. Aliambiwa akimbizane na GPA, akakimbizana nayo, akaipata. Hakuna aliyemwambia likizo akae Mahakama ya Kisutu asikilize kesi, au aombe jalada lililofungwa kwa wakili yeyote alisome kuanzia hati ya madai mpaka hukumu.

Kiingereza nacho washauri hawakigusi. Sheria ilitamka tangu 2021 kuwa Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, sawa, ila mtahini wa Law School anakusubiri kwa Kiingereza.

Haya, nisiwe mchoyo. Kwa barua ya utambulisho, transkripti iliyokwama, au kozi ipi ya hiari haigongani na ipi kwenye ratiba, mshauri wa chuo muulize, ndiye anayejua. Likija suala la Law School, tafuta aliyetoka juzi, na ukimpata aliyesapu ndiyo bora zaidi. Waliofaulu watakuambia ukaze buti. Aliyesapu anakumbuka swali lenyewe lililommaliza, na atakueleza bure, tena kwa hasira.