Kemia hupiga hodi tu mlangoni kwa kiini

Shuleni tulikaririshwa kwamba kemia ni mambo ya elektroni. Kiini cha atomu hakina habari nayo. Choma, yeyusha, mwagia asidi, chenyewe kimetulia tu mle ndani. Basi Martin Fleischmann na Stanley Pons walipotangaza huko Utah, Marekani, tarehe 23 Machi 1989, kwamba viini vya deuteri, ile hidrojeni nzito, vinaungana na kutoa joto ndani ya metali ya paladi iliyozamishwa katika maji mazito (maji yenye deuteri hiyo) na kupitishiwa umeme, wapo waliowacheka kwa hoja hiyohiyo. Wanakemia hawa, kiini wamekijulia wapi?

Waliokataa walikuwa sahihi. Hoja ndiyo mbovu.

Chukua beriliamu-7, aina ya metali ya beriliamu yenye mionzi. Huoza kwa kiini kumeza elektroni ya atomu yake yenyewe, kwa hiyo ukiifunga katika kampaundi tofauti, nusu-maisha yake, yaani muda wa nusu yake kuoza, ya siku 53 hivi husogea kidogo, asilimia moja au pungufu. Renimu-187, metali nyingine yenye mionzi, ni kioja zaidi. Ikiwa na elektroni zake, nusu yake huchukua miaka kama bilioni 42 kuoza. Watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, waliivua elektroni zote, na mwaka 1996 wakatoa jibu: miaka 33 hivi! Kuvua zote si kemia ya kwenye chupa, nakubali, lakini usiniambie tena kwamba kiini hakijali elektroni.

Hata kwenye muungano wenyewe, metali ina mchango. Viini viwili vya deuteri vina chaji chanya, vinasukumana. Elektroni za metali huziba sehemu ya msukumano huo. Mwaka 2025 kundi la Vancouver, Kanada, lilishindilia deuteri ndani ya paladi kwa umeme wa kikemia huku likiimiminia ayoni za deuteri (atomu zilizovuliwa elektroni) zenye kasi, na miungano ikaongezeka kwa wastani wa asilimia 15. Ila kazi nzito ilifanywa na zile ayoni. Kemia ilijaza tu shabaha yao, ile paladi.

Hapo ndipo ninapoachana na wafuasi wa wale wawili wa Utah. Kusaidia viini vikutane ni kupiga hodi. Wao wanataka kemia iingie hadi ndani ipange kitakachozaliwa, joto litoke bila nyutroni, zile chembe za kiini zisizo na chaji. Deuteri mbili zikiungana, karibu nusu ya mara hutoka nyutroni, na hayo huamuliwa haraka mno, kabla atomu jirani hazijapata hata nafasi ya kutikisika. Metali itaingilia saa ngapi?

Piga hesabu. Wati moja tu ya joto la muungano huo ingetoa karibu nyutroni trilioni moja kila sekunde, na saa moja kando ya chupa hiyo bila kinga ingetosha kumuua mtu. Fleischmann na Pons walidai wamepata wati kadhaa. Na walikuwa pale mbele ya waandishi wa habari, wazima kabisa, wakijibu maswali.