Biti nane zenye maana mbili

Kipima joto kinatoa biti nane (tarakimu za 0 na 1): 11111011. Ukizisoma kama namba yenye alama, yaani inayoweza kuwa chanya au hasi, ni hasi 5. Ukizisoma bila alama ni 251. Waya ni zile zile na umeme ni ule ule. Hapa ndipo lugha mbili kuu za kuelezea saketi, Verilog na VHDL, zinapoachana njia.

Tuseme moduli (sehemu ya saketi) inayopokea joto hilo ili kuendesha feni ina mlango wa kuingizia data wa biti 16. Katika Verilog unaunganisha tu, lugha yenyewe inajaza nafasi nane zilizobaki. Kama joto limetangazwa kuwa na alama, biti ya alama, ile ya kwanza kushoto, inarudiwa na hasi 5 inafika salama. Lakini mhandisi akiandika joto[7:0], yaani kipande cha biti ya 7 hadi ya 0, ili msomaji auone upana, ameshaipoteza alama bila kujua. Kwa kanuni za Verilog, kipande cha namba hakina alama, hata kipande hicho kikiwa ni namba nzima. Zinajazwa sifuri, na feni inaambiwa nyuzijoto 251. Huenda kompaila, programu inayotafsiri msimbo, ikatoa onyo kuhusu upana, nalo likazama kati ya maonyo mengine.

VHDL, iliyotokana na mradi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani na kurithi mengi kutoka lugha ya programu ya Ada, inakataa kata kata. Biti 8 haziingii mlango wa 16 mpaka useme zipanuliweje. Wanaoilalamikia wana hoja. Kuongeza moja tu kwenye rejista (kihifadhi cha biti) kunaweza kukulazimu uzigeuze biti tupu kuwa namba kisha uzirudishe: std_logic_vector(unsigned(hesabu) + 1), na mabano yakizidi yanaificha hesabu yenyewe. Tena ubadilishaji huo haukagui chochote: ukiandika unsigned(joto), bila alama, mahali pa signed(joto), yenye alama, VHDL inapokea, na 251 yetu imerudi.

Ada yenyewe ilishatoa somo hilo. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5, iliyotumia programu iliyoandikwa kwa Ada, iliharibika chini ya dakika moja baada ya kuruka, kwa sababu namba ya desimali ya biti 64 ilibadilishwa kuwa namba kamili ya biti 16 isiyoweza kuibeba. Ubadilishaji uliandikwa waziwazi; kinga yake ndiyo iliyoachwa.

Hata hivyo, mimi nautaka ukali wa VHDL, hasa milangoni. Ndani ya moduli mwandishi ni mmoja, anakumbuka alichokusudia. Mlangoni wanakutana watu wawili ambao pengine hawajawahi kuketi meza moja. Kosa la VHDL lina neno lake kwenye mstari, na mkaguzi anaweza kuliwekea kidole. Lile la Verilog limejificha katika kisichoandikwa, na chipu ikishachongwa hairekebishwi kwa kutuma toleo jipya.

Anayebaki na Verilog, na wengi tutabaki nayo, atangaze alama pande zote mbili za mlango, aache kukata kipande asipokihitaji, na aanze kila faili kwa agizo la `default_nettype none, ili jina lililokosewa herufi lisigeuke kimyakimya kuwa waya wa biti moja.