Kitambi changu hakijui mbio

Mwalimu wetu wa tizi ana msemo wake: kula unachotaka, kesho utakichoma barabarani. Nilimwamini. Miezi minne nilikimbia alfajiri, jioni nikaenda kwa muuza chipsi kudai haki yangu, zege na soda baridi. Mapaja yalikaza. Kitambi hakikuhama hata inchi.

Walionifumbua macho ni Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi. Wanaume wao hutembea kama kilomita 11 kwa siku wakiwinda na kurina asali, wanawake karibu 6. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walitoa vipimo vya nguvu ambayo miili yao hutumia kwa siku. Ungedhani wanawaacha mbali watu wa maofisini Marekani. Wapi! Ukizingatia ukubwa wa mwili, walilingana. Kwa Pontzer, mwili una bajeti: ukiutembeza sana, hubana matumizi pengine.

Na bajeti hiyo ina historia. Sokwe hubaki mkavu, misuli mitupu, hata yule wa kufugwa asiyehangaikia chakula. Sisi tuna ubongo unaokula kama moja ya tano ya nguvu zetu hata tukiwa tumelala, na ubongo hausubiri mvua zinyeshe. Ndiyo maana tukapewa ghala la mafuta mwilini, na vichanga vyetu vikazaliwa na mashavu. Misuli ni hesabu nyingine. Ni kibarua anayetaka posho hata siku asiyofanya kazi, kwa hiyo asipotumika hupunguzwa. Muulize aliyefungwa hogo mguuni wiki sita.

Wapo watakaoniambia siri ya Wahadzabe ni kutokula sukari. Hao hawajasikia habari za asali, chakula wanachokipenda kuliko vyote! Ila asali yao iko juu ya mbuyu na ina wenyewe, nyuki. Hakuna anayepanda mbuyu mara tatu kwa siku eti kikao kimemchosha. Mizizi yao nayo ina kambakamba, unatafuna weee, kisha unatema makapi. Zege halina cha kutema. Viazi, mayai, mafuta na chumvi vinateleza pamoja, na sahani inaisha kabla tumbo halijapata taarifa.

Sisemi tizi ni bure. Moyo unaihitaji, misuli inaihitaji, na mimi nalala vizuri zaidi tangu nianze. Ninachokataa ni ile biashara ya kununua ruhusa ya kula kwa jasho, maana mwili wangu haujawahi kusaini mkataba huo.

Bado nakimbia. Zege limebaki la Jumamosi. Soda nimeacha kabisa, na nikiri, hiyo imenitoa jasho kuliko mbio zote za miezi minne.